Maji Kwenye Moyo wa Fundi

3 Juni 1993

Bibie msusi,

Mumeo yuko hai. Nimeanza na hilo ili yaliyobaki uyasome umekaa vizuri.

Najua umegeuza bahasha mara mbili kuangalia nani kaandika. Ndiyo, ni mimi yule yule. Nimejaribu simu ya duka la jirani yako mara tatu, inalia kama paka halafu inakata, kwa hiyo nampa utingo wa gari la asubuhi barua hii.

Juzi nilikuwa chumba cha kushonea hapa hospitali, napinda mashuka ya wodi, nikasikia mtu anahema mlangoni. Nikadhani ni mpagazi wa stoo. Kuinua macho, Fundi. Ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, midomo rangi ya majivu, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Akasema, "Bosi, naomba kiti tu, nikipumzika naondoka." Miaka sita hatujaonana, na neno lake la kwanza ni kiti.

Unajua alikuja huku kufunga mabomba kwenye bweni la shule. Kumbe siku nne nzima alikuwa analala ameketi, kwa sababu akijilaza chali anahisi anazama. Wakampiga picha. Daktari akanieleza hivi: moyo umekaa ndani ya mfuko, na mfuko wa Fundi umejaa maji. Maji yanaubana moyo, unataka kufunguka upige, hauna nafasi. Wakaingiza sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, wakavuta maji karibu lita nzima, mekundu-mekundu. Wameacha mrija mwembamba uendelee kuchuruzisha. Alipoanza kupata pumzi alimwangalia daktari, akamwambia, "Hicho kiungo chenu kinavuja, nipeni uzi nikifunge." Wauguzi wakacheka mpaka wakashika ukuta.

Walitaka ndugu wa kusaini karatasi. Nimesaini mimi. Mahali pa uhusiano nimeandika "ndugu", maana hakukuwa na nafasi ya kueleza.

Nikuulize bila ubaya: hizo wiki alizokuwa anakohoa kabla hajasafiri, wewe ulikuwa unasikiliza nini?

Fundi wetu anakusalimia.

Ni mimi, wa chumba cha kushonea


7 Juni 1993

Dada,

Nimekuita dada kwa sababu umenizidi umri na kwa sababu mama yangu alinilea. Ahsante kwa kumpa kiti. Ahsante kwa kusaini. Ahsante pia kwa swali lako. Nimelisoma mara nyingi kuliko barua yenyewe.

Nilisikia kikohozi. Nilimwambia aende hospitali, akanijibu bweni likiisha. Wewe uliyeishi naye miaka tisa unajua akisema "likiisha" hakuna wa kumsogeza. Au kwako alikuwa anasogea?

Ningepanda gari siku hiyo hiyo, lakini tangu tarehe 20 Mei mguu wangu uko kwenye plasta mpaka pajani. Nilipanda stuli kunyoosha kioo cha saluni, stuli ikaenda huku, mimi nikaenda kule. Nasuka watu nikiwa nimenyoosha mguu kwenye kreti kama bibi harusi aliyechelewa gari. Fundi hajui. Nilimficha amalize kazi kwa amani. Tafadhali usimwambie.

Sasa na mimi nina maswali. Nani anamwogesha? Nani anamnyoa? Akila, nani amekaa kando? Na umeandika "Fundi wetu". Wetu na nani?

Nimempa utingo pajama mbili, taulo, sabuni yake na mto wake. Uhakikishe analalia mto wangu, si wa hospitali wala wa mtu mwingine.

Mke wake


10 Juni 1993

Msusi wangu,

Usiwe na wasiwasi. Maji yameisha, mrija umetolewa, nakula na kutembea mpaka bustanini. Hawa watu wana mabomba membamba ambayo sijawahi kuyaona. Nimewauliza wanayanunua wapi, wananiona nina wazimu.

Mkono wa kulia umevimba kwa sababu ya sindano za dripu, kwa hiyo namtajia Bosi maneno, yeye anaandika. Ndiyo maana mwandiko ni mzuri.

Nakukumbuka. Asubuhi nikifumbua macho natafuta harufu ya mafuta ya nywele mikononi mwako, nakuta dawa ya kudekia. Nikilala upande wa kushoto nakuachia nafasi, halafu nakumbuka hiki ni kitanda cha mtu mmoja. Mto umefika. Umeniliza mbele za watu, mtu mzima mimi.

Nitarudi watakaporuhusu. Usinyanyue ndoo nzito.

Mumeo, Fundi


13 Juni 1993

Fundi,

Barua yako nimeipata. Nilipofika pale pa harufu ya mafuta nilitaka kulia, lakini macho yangu yakawa yanaangalia herufi. Herufi zake. Mkunjo wa "k" yake naujua sasa kuliko uso wake. Umeshindwa kungoja mkono upungue uvimbe, ukaona bora unipende kupitia kwa mke wako wa zamani? Yeye amekaa kitandani pako, umemsogelea sikioni, unamwambia "nakukumbuka". Ulikuwa unamwambia nani?

Jana karani wa posta alikuja kusuka. Alitoka huko wiki hii, alikwenda kumwangalia shangazi yake hospitali. Akaniambia, "Mumeo nimemwona bustanini kwenye benchi, anaendelea vizuri, mkewe anamfunga vifungo vya shati." Mkewe! Nikaendelea kusuka. Nilimvuta nywele mpaka akaomba maji.

Na sasa nikuambie nilichokuficha. Nimevunjika mguu. Wiki ya nne hii niko kwenye plasta, naenda chooni kwa kutambaa na kuta. Hukujua. Lakini hukuuliza pia, maana una wa kukuuliza wewe hali.

Kama maji yametoka, yametoka. Jumamosi tarehe 19 nitakuwa kituoni gari likifika. Ukishuka, wewe ni mume wangu. Usiposhuka, nitajua umebaki nyumbani kwako.

Mimi


15 Juni 1993

Bibie,

Barua yako imefika na nimemsomea, maana mkono wake bado. Tangu amalize kusikia anatafuta viatu.

Mwandikie leo hii kwamba asubiri. Kuna mambo Fundi alinikataza kukuambia, lakini naona sasa ni lazima. Mrija ulipotolewa palibaki kidonda, kikapata uchafu, ana homa siku ya tatu. Moyo wenyewe umeanza kuruka mapigo. Muuguzi anaushika mkono wake anahesabu, anatikisa kichwa. Daktari anasema maji ya namna hii mara nyingi hurudi, tena ndani ya wiki mbili za mwanzo, na bado hawajajua yanatoka na nini. Picha nyingine ni tarehe 21. Kabla ya hapo asipande gari la kutwa nzima.

Kuhusu vifungo: ndiyo, nilivifunga. Mkono mmoja umevimba, mwingine una homa, ulitaka atoke bustanini kifua wazi?

Na mimi niseme langu. Kifua hicho nimelala nacho miaka tisa. Najua kikipumua sawa na kikipumua uongo. Wewe umekipata juzi tu. Mwache hapa kwa anayekijua.

Bosi (ndivyo anavyoniita, kama ulikuwa hujui)


17 Juni 1993

Bosi,

Ulivyoanza nilikuwa nakuamini. Homa, mapigo, picha, nilikuwa nimeshashika kalamu nimwandikie abaki. Halafu nikafika mwisho wa barua, nikaelewa kwa nini mwanzo uliandikwa.

Sitamwandikia abaki. Mtu wa homa haendi bustanini kukaa kwenye benchi.

Tutaonana naye Jumamosi.

Mke wa Fundi, si wa juzi, wa mwaka wa tano


20 Juni 1993

Bosi,

Umeshinda.

Jana nilikuwa kituoni tangu saa nane mchana. Nilikodi baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kubebea magunia, nikakaa juu na magongo yangu, nimevaa gauni la bluu analolipenda. Gari limefika saa kumi na mbili kasoro. Wameshuka watu wote. Nikamwomba utingo aangalie viti vya nyuma, labda amesinzia. Utingo hakuwa yule wa siku zote, akasema hamjui mtu huyo. Mwenye baiskeli akaniuliza kwa adabu, "Mama, turudi?"

Wateja wangu wote walijua naenda kumpokea. Leo wamekuja wawili kusuka nywele ambazo hazihitaji kusukwa.

Mwambie nguo zake nitazikunja vizuri. Hatakuta hata moja imechanika. Mabomba yake, vifaa vyake, kila kitu, aje na gari achukue. Wewe usije.

Nimeondoa neno "mke" kwenye sahihi yangu ili usipate tabu ya kucheka.

Msusi


20 Juni 1993

Bibie,

Alipanda gari. Nataka ulijue hilo kwanza.

Jana asubuhi alitoka wodini kwa kusaini kwamba anaondoka kwa hiari yake. Nilisimama mlangoni. Akaniambia, "Bosi, mke wangu anatambaa na kuta. Nipishe." Nikampisha.

Gari lilipofika njia panda ya kiwanda cha mbao alimwomba dereva asimamishe. Alishuka, akakaa chini, akawa hawezi kuinuka. Mwenye lori la mbao ndiye aliyemrudisha huku, amelazwa juu ya mbao mbichi. Dereva wa basi hakuweza kungoja, na utingo wetu akateremka akaja na mgonjwa, akamwambia dereva achukue mwingine kituo cha mbele; ndiye aliyenifuata chumbani kunigongea.

Maji yamerudi, tena kwa kasi kuliko mwanzo. Presha ilikuwa haisomeki. Hawakuwa na muda wa kumpeleka kwenye mashine ya picha, wakaingiza sindano pale pale kwenye machela. Wamevuta maji, moyo ukafunguka, akarudi. Lakini sindano iligusa pafu la kushoto, hewa ikaingia kifuani mahali ambapo haitakiwi, ikabidi wamtoboe ubavuni waweke bomba jingine lililoingizwa kwenye chupa. Kila akipumua chupa inatoa mapovu. Hajafanya mzaha wowote juu ya bomba hilo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Yuko hai. Hazungumzi sana.

Ulitaka ashuke Jumamosi. Alishuka.

Bosi


24 Juni 1993

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya tarehe ishirini ichome moto, tafadhali, usimsomee. Kama umeshamsomea, mwambie niliandika nikiwa sina akili.

Mimi ndiye niliyemwita. Niliandika habari za mguu wangu kwa makusudi, ili zimchome. Plasta yangu hata haiumi tena, dada. Kutambaa na kuta niliongeza chumvi; nina magongo mawili na majirani watatu. Nilitaka tu kuona kati yetu sisi wawili atanyanyuka kwa ajili ya nani. Nimeona.

Saluni nimeifunga. Nimekaa naangalia kioo kile kile kilichonivunja.

Nakuomba kitu kimoja. Niandikie kama ungemwandikia mtu usiyemjua. Homa ngapi, bomba limetoka au bado, daktari amesema nini. Usiniambie umemjua miaka mingapi. Barua yako ya tarehe kumi na tano ilikuwa na ukweli wote ndani yake, na sikuuamini kwa sababu ya mistari minne ya mwisho. Sikulaumu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Atapona?

Msusi


26 Juni 1993

Mdogo wangu,

Homa thelathini na nane asubuhi, thelathini na saba na nusu jioni. Bomba la ubavuni limetolewa jana, pafu limejaa tena. Mapigo bado yanaruka lakini si kama mwanzo. Maji yameanza kujikusanya mara ya tatu, polepole. Daktari anasema kuchoma sindano kila yakijaa hakutafika mwisho. Jumanne tarehe 29 wanataka kumfanyia upasuaji: watakata kidirisha kwenye mfuko wa moyo, maji yakija yawe na pa kutokea, mwili uyanyonye wenyewe. Na watachukua kipande kidogo cha mfuko wakipime wajue chanzo. Umeuliza kama atapona. Nimemuuliza daktari swali hilo hilo kwa niaba yako. Amejibu, "Wengi hupona." Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza.

Sasa langu, maana na mimi nimekaa nalo vibaya.

Ile barua yako ya tarehe 13 ningeweza kuisoma kwa sauti ya kawaida. Sikuisoma hivyo. Niliisoma kama mtu anayegombeza, kila neno nililikandamiza. Pale pa benchi nilisimama nikamwangalia. Nilitaka akuchukie, mdogo wangu. Nilitaka aseme, "Mwanamke gani huyu," abaki. Yeye benchi hata hakulisikia. Alisikia mguu tu. "Amevunjika? Lini? Wapi, juu ya goti au chini?" Akaanza kutafuta viatu. Mimi ndiye niliyeshika karatasi. Ningeweza kuruka mistari ile ya mguu na asingejua. Nilikuwa na hasira mno hata sikufikiria kuruka.

Na ile barua yake ya tarehe 10. Unadhani alikuwa ananinong'oneza sikioni. Alikuwa ameangalia dari, anasema polepole ili nisipitwe, na kila mara anauliza, "Umeandika hilo?" Miaka tisa nilikaa na mwanamume huyu, na kitu kitamu zaidi alichowahi kuniambia ni kwamba sinki langu halitavuja tena. Halafu akanifanya niandike, kwa mkono wangu, kwamba anatafuta harufu ya mikono yako. Niliandika vizuri. Nilipomaliza nilikwenda stoo nikakunja mashuka ambayo yalikuwa yamekunjwa. Kwa hiyo wivu usidhani unao peke yako. Mimi ndiye niliyemwacha, kwa miguu yangu, nikiamini ni mtu asiye na maneno. Kumbe maneno alikuwa nayo.

Daktari ameniletea karatasi ya upasuaji nisaini. Nimekataa. Nimewaambia mke wake yupo. Iko ndani ya bahasha hii. Saini, mpe utingo wetu wa siku zote, ameapa ataifikisha Jumatatu.

Dada yako


27 Juni 1993

Dada,

Nimesaini. Mahali pa uhusiano nimeandika "mke", kalamu ikatoboa karatasi.

Lakini simpi utingo. Naileta mwenyewe. Mume wa karani wa posta ana pikapu ya kupeleka kuku mjini, inaondoka kesho alfajiri. Mbele hapaingii mguu wa plasta, nitalala nyuma na matenga. Utingo atatangulia na kibarua hiki ili usishtuke ukiona mwanamke mwenye manyoya kichwani anauliza chumba cha kushonea.

Usimwambie Fundi. Akijua nalala na kuku kutwa nzima atatafuta viatu tena.

Sina pa kulala huko. Naogopa kukuomba.

Msusi


14 Agosti 1993

Dada,

Tumefika salama, na leo ni siku ya kumi. Fundi anakula, amelala sasa hivi ubavu wa kushoto, kidonda cha kifuani kimefunga vizuri. Nakiosha mwenyewe. Homa hakuna. Nimeandika hayo mwanzo, kama ulivyonifundisha.

Dawa za kifua kikuu anameza kila asubuhi mbele yangu, nafungua mdomo wake nahakikisha. Nani angedhani kifua kikuu kinaweza kwenda kukaa kwenye mfuko wa moyo, mtu hata damu hajakohoa. Bila kile kipande walichokata tungekuwa bado tunavuta maji na kubahatisha. Miezi sita, hakuna kuruka siku. Mkojo umekuwa mwekundu kama alivyotuonya muuguzi. Anawaambia wateja wangu kuwa ni kutu ya mabomba ya zamani inatoka. Nimemkataza, anarudia.

Sijui nianzie wapi kuhusu zile wiki tano za kitanda chako. Nilikuja nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno ya kunifikisha mwezi mzima. Ukanifungulia mlango, ukanitoa nyoya sikioni, ukasema, "Mguu weka huku, upande wa ukuta." Na siku ya upasuaji, tulipokaa kwenye ile benchi ya saruji saa nne nzima, ulinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Unakoroma, lakini. Nilitaka ulijue.

Kliniki yake ni tarehe 31. Watapiga picha tena kuona kama maji yametulia. Siwezi kufunga saluni mara nyingine, nimeanza kupoteza wateja. Atakuja peke yake, na hana pa kufikia ila kwako. Nimefikiri siku tatu kabla ya kuandika sentensi hiyo. Nilianza na nyumba ya wageni karibu na kituo, nikasema hapana, ngazi nyingi. Nikaja na mwalimu wa bweni, nikasema hapana, hatajua presha ikishuka mtu anaonekanaje. Kila nilipozunguka nilirudi mlangoni kwako.

Afikie kwako. Vifungo afunge mwenyewe, mkono umepona.

Mdogo wako


2 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Maji yapo kidogo.

Daktari ameyapima kwenye picha, upana wake ni kama nusu ya kucha ya kidole kidogo. Mara ya kwanza yalikuwa zaidi ya vidole viwili. Moyo haubanwi, presha nzuri, mapigo hayaruki. Anasema yanaweza kuwa ni mabaki yanayokauka na dawa, au yanaweza kuwa ni mwanzo wa kurudi, na leo hakuna anayeweza kujua. Ameongeza vidonge vya kuzuia uvimbe, na picha nyingine ni baada ya mwezi. Mtazame shingo kila asubuhi akiwa ameketi. Mishipa ikisimama, au akianza kulala ameketi, au miguu ikivimba, usingoje tarehe.

Tulipotoka chumba cha picha Fundi alinivuta pembeni. Akasema, "Bosi, huyo mwambie pamekauka. Atashindwa kufanya kazi kwa mawazo." Nikamjibu kwamba kazi hiyo ya kukuficha mambo nimeiacha. Ameninunia. Alikaa jikoni kwangu jioni nzima anafungua bomba na kulifunga, anafungua na kulifunga, halafu akalitengeneza, ingawa halikuwa na ubovu. Mimi nililala kwa muuguzi wa wodi, usipate shida ya kuniuliza.

Asubuhi, kabla hajapanda gari, aliniuliza kama nilijuta kumwacha. Sikutegemea. Nilimwambia wakati mwingine, ndiyo. Nilijuta sana mwezi wa sita. Akasema, "Nilikuwa sijui kuongea, Bosi. Huyu alinifundisha kwa kunigombeza." Hilo ndilo nililobaki nalo. Nimelia kidogo, nikapinda mashuka arobaini.

Nimekuandikia na hilo pia kwa sababu angekuambia nusu.

Dada yako


6 Septemba 1993

Dada,

Nimesoma. Nilipomaliza nilikwenda nikamketisha kwenye kiti cha saluni mbele ya kioo, nikamwambia, "Nyoosha shingo." Akajua mara moja. Akasema, "Bosi amenichoma." Nikasema, "Ndiyo." Akawa ananitazama kwenye kioo na mimi namtazama. Halafu akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia naogopa sana. Akasema na yeye. Dada, katika ugonjwa wote huu hakuwahi kulisema hilo. Nilimfuta uso kwa taulo la wateja.

Shingo iko sawa. Nimeangalia jana na leo.

La mwezi wa sita nimelisoma pia. Limeniuma, nisikudanganye. Akitaja jina lako bado nageukia ukutani, na nikifikiria ulivyokaa naye jikoni wakati amenuna, natamani hata huko kununa angeninunia mimi. Labda halitaisha. Nimeacha kungoja liishe.

Ila nikuambie kitu cha ajabu. Utingo alipokuja na barua jana, Fundi alinyoosha mkono kupokea. Utingo akamwambia si yako mzee, ni ya mama. Fundi akaisoma bahasha nje, akaigeuza, akauliza, "Siku hizi ananiandikia nani mimi?" Kwa sauti ile ile ambayo mimi nilikuwa nayo mwezi wa sita. Nilicheka mpaka mteja akaniomba nimwachie nywele. Mpaka sasa amekaa pale mlangoni, amenipa mgongo, anajifanya anatengeneza pampu ya jirani, na kila nikinyanyua kalamu anageuka kutazama nimefika wapi.

Tarehe 30 tunakuja wote wawili kwa picha. Nimeshawaambia wateja. Mimi nitalala upande wa ukuta.

Mdogo wako